Damu ya Ukoo na Kemikali za Ubongo: Sonona na Wasiwasi Hutoka Wapi?

Mtu anapougua sonona, au anaposhikwa na wasiwasi usiompa usingizi, majibu mawili humfikia mapema kuliko mengine. La kwanza hutoka kwa jamaa zake: "Hili jambo liko kwenye ukoo wetu, hata shangazi yake alikuwa hivi hivi." La pili hutoka kwa anayemtibu, au kwa karatasi ya maelezo aliyopewa pamoja na vidonge: "Kemikali za ubongo wako zimepungua, na dawa hizi zitazirudisha." Majibu yote mawili yana wema ndani yake, kwa kuwa yanamwondolea mgonjwa lawama ya kwamba ni mvivu, anadeka au imani yake ni haba. Hata hivyo, yakichukuliwa kama yalivyo, yanapotosha: la kwanza huufanya ugonjwa uonekane kama hukumu iliyokwisha kutolewa kabla mtu hajazaliwa, na la pili huufanya ubongo uonekane kama mtungi uliopungua maji na unaosubiri kujazwa. Kemikali zina sehemu kubwa katika magonjwa haya, na urithi pia, lakini si kwa namna majibu hayo yanavyodai, na tofauti hiyo humgusa mgonjwa moja kwa moja anapoamua kama ameze dawa, kama aziache, au kama awe na hofu juu ya watoto wake.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Sonona, kwa maana ya kitabibu, ni hali ya kuzama moyo au kukosa hamu ya karibu kila jambo kwa siku nyingi mfululizo, zisizopungua wiki mbili, ikiambatana na mabadiliko ya usingizi, ya hamu ya kula, ya nguvu za mwili na ya uwezo wa kufikiri, na kwa wengine mawazo ya kujiua. Wasiwasi wa kitabibu una sura kadhaa: kuna ule wa kila siku unaoruka kutoka jambo moja hadi jingine kwa miezi sita au zaidi, kuna wa kuogopa macho ya watu, na kuna taharuki ya ghafla ambapo moyo hudunda, pumzi hukatika na mtu huamini kwamba anakufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani waliishi na matatizo ya wasiwasi, na wapatao milioni 280 waliishi na sonona. Ukizijumlisha namba hizo utakosea, maana wengi wamo katika makundi yote mawili kwa wakati mmoja; na kule kuandamana kwa magonjwa haya si bahati nasibu, kama tutakavyoona tukifika kwenye jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi.

Sasa, kemikali zinazozungumzwa ni zipi, na kazi yake ni nini? Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Ndani ya seli moja ujumbe husafiri kama umeme, lakini seli nyingi hazigusani na jirani zake, kwa hiyo ujumbe ukifika mwisho wa seli hukuta mwanya, mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko mwanya huo mara elfu kadhaa. Hapo vifuko vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa seli hufunguka na kumwaga kemikali, ambazo huvuka mwanya kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua na kutua kwenye vipokezi vya seli ya pili. Seli hiyo huchochewa au hutulizwa, kutegemea kemikali na kutegemea kipokezi. Kisha mwanya husafishwa: baadhi ya kemikali huvunjwavunjwa na vimeng'enya, na nyingine hunyonywa na pampu maalumu na kurudishwa ndani ya seli iliyozitoa ili zitumike tena. Dawa nyingi za sonona hufanya kazi yake kwenye usafi huo, ama kwa kuziba pampu ama kwa kuzuia vimeng'enya, ili kemikali ikae mwanyani muda mrefu zaidi.

Serotonini ndiyo iliyopata umaarufu kuliko zote, ingawa seli zinazoitengeneza ndani ya ubongo ni laki chache tu, zimejikusanya kwenye shina la ubongo, na kutoka hapo hutandaza nyuzi zake karibu kila mahali. Ina aina zisizopungua 14 za vipokezi, vingine vikichochea na vingine vikituliza. Kwa sababu hiyo, kusema "serotonini imepungua" bila kusema imepungua wapi na kwenye kipokezi gani ni sawa na kusema kwamba barua zimepungua nchini bila kutaja zilitoka kwa nani kwenda kwa nani. Tena, takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili mzima iko tumboni, kwenye utumbo, na haivuki ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Anayeuziwa kipimo cha damu cha "kiwango cha furaha" anapimiwa zaidi habari za utumbo wake kuliko za moyo wake.

Hadithi ya upungufu ilianzia wodini, tena wodi ya kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View kwenye kisiwa cha Staten, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Madaktari waliona jambo ambalo hawakulitafuta: watu waliokuwa wamelala kimya kwa miezi walianza kuchangamka, kula na kupiga soga, hata kabla mapafu yao hayajaonyesha nafuu ya kutosha kueleza furaha hiyo. Miaka mitano baadaye, yaani 1957, daktari Nathan Kline na wenzake waliripoti kwamba dawa hiyo iliwasaidia wagonjwa wa sonona. Mwaka huohuo, kwenye hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn aliripoti kwamba imipramini, ambayo awali ilijaribiwa kwa wagonjwa wa skizofrenia bila mafanikio, iliwainua watu wenye sonona nzito. Upande wa pili ilikuwapo reserpini, dawa ya shinikizo la damu, ambayo ilipunguza serotonini na kemikali za jamii yake ubongoni na ilidaiwa kuwaangusha baadhi ya watumiaji katika huzuni.

Wanasayansi walipochunguza, waligundua kwamba iproniazidi huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, na kwamba imipramini huziba pampu zinazozinyonya. Hesabu ikaonekana rahisi: dawa zinazoongeza kemikali hizi huondoa sonona, dawa inayozipunguza huleta sonona, basi sonona ni upungufu wa kemikali hizi. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut alichapisha nadharia hiyo kwa upande wa noradrenalini, na miaka miwili baadaye Alec Coppen wa Uingereza akasisitiza upande wa serotonini. Kwa haki lazima isemwe kwamba Schildkraut mwenyewe alikiri waziwazi kuwa nadharia yake ilikuwa imerahisisha mno jambo gumu. Tahadhari hiyo ilipotelea njiani. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha dawa ya sonona iitwayo fluoksetini mwishoni mwa 1987, sentensi ya upungufu iliingia kwenye matangazo, ikatoka kwenye matangazo ikaingia kliniki, na kutoka kliniki ikaingia majumbani.

Kosa la hoja hiyo linaonekana kwa mfano mmoja. Kichwa kikikuuma ukameza parasetamoli kikapoa, huwezi kuhitimisha kwamba kiliuma kwa upungufu wa parasetamoli. Kile kinachoponya si lazima kitaje kile kilicholeta ugonjwa. Na ushahidi ulipotafutwa moja kwa moja, ulikuja na mikunjo. Fluoksetini na ndugu zake huziba pampu za serotonini ndani ya saa chache, lakini mgonjwa huanza kuona nafuu ya wazi baada ya wiki mbili, nne, au hata sita. Kama tatizo lingekuwa mtungi mtupu, kujazwa kwake kungetosha siku ileile. Watafiti pia waliwapa watu chakula maalumu kisicho na triptofani, malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza serotonini, na kuishusha kwa saa kadhaa. Watu wenye afya ambao hawana historia ya sonona, kwa kawaida, hawakuhuzunika. Waliotumbukia tena ni wengi wa wale waliokuwa wamepona karibuni kwa dawa za serotonini. Hapo pana fundisho zuri: serotonini inahusika, ila namna inavyohusika inategemea ubongo wenyewe umepitia nini. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia miongo ya tafiti na kuandika kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa sonona husababishwa na serotonini kidogo.

Makala hiyo ya 2022 ilizua kelele, na baadhi ya watu walitoka nayo wakidai kwamba dawa zote za sonona ni ulaghai. Kwa maoni yangu, huko ni kurudia kosa lilelile kwa kinyume. Kujua kwamba maelezo ya dawa ni mabovu hakufanyi dawa iwe bovu. Watu walitumia gome la mti wa sinkona, linalotoa kwinini, kutibu homa kwa zaidi ya karne mbili kabla ya yeyote kujua kimelea cha malaria ni nini. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477, uliona kwamba dawa zote 21 zilizochunguzwa zilifanya vizuri kuliko kidonge kisicho na dawa ndani yake, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa. Wastani huo unaficha watu: wapo wanaofufuka kwa dawa ya kwanza, ambao katika jaribio kubwa la Marekani lililoitwa STAR*D walikuwa takriban theluthi moja, wapo wanaohitaji kubadilishiwa, na wapo ambao dawa haiwafai kitu. Jambo moja la hakika ni kwamba kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, hasira na usingizi mbovu kwa watu wengi, kwa hiyo hata anayetaka kuachana nazo anapaswa kupunguza polepole akiwa na daktari wake.

Kama dawa hazijazi mtungi, zinafanya nini wiki hizo zote? Kuna majibu mawili ambayo yanaweza kwenda pamoja. Jibu moja linahusu uwezo wa ubongo kujijenga. Serotonini ikikaa mwanyani kwa siku nyingi, seli hubadilisha vipokezi vyake na kuanza kutengeneza zaidi protini zinazorutubisha neva, na katika wanyama wa maabara imeonekana kwamba hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, huotesha matawi na hata seli mpya. Ukuaji huchukua muda, kama mche. Jibu la pili limetoka kwa watafiti wa Oxford, waliogundua kwamba hata dozi moja au chache za dawa hubadilisha jinsi mtu anavyosoma nyuso: sura yenye furaha inatambulika kirahisi zaidi, na yenye hofu inapoteza makali, ingawa mtu mwenyewe anakwambia hajisikii tofauti yoyote. Yaani dawa inaanza kubadilisha habari zinazoingia kabla hali ya moyo haijabadilika, na moyo unahitaji wiki kadhaa za kukutana na watu, na kupata habari zisizo mbaya sana, ndipo ushawishike. Ikiwa ndivyo, basi mgonjwa anayemeza dawa huku amejifungia chumbani peke yake ameinyima dawa kitu cha kufanyia kazi.

Wasiwasi una njia zake, ingawa nyingi zinapishana na za sonona. Ndani ya ubongo, karibu na kila sikio, kuna kundi dogo la seli lenye umbo la lozi liitwalo amigdala, ambalo hupokea habari za hatari na kupiga kengele kabla akili ya kufikiri haijamaliza kuuliza kulikoni. Kengele hiyo huamsha shina la ubongo limwage noradrenalini, na huamsha tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini. Moyo hudunda, viganja hutoka jasho, tumbo hukaza. Kinachopaswa kuizima ni sehemu ya mbele ya ubongo pamoja na kemikali iitwayo GABA, ambayo ndiyo breki kuu ya mfumo mzima. Diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963 kutokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach, haileti GABA mpya. Hushika pembeni mwa kipokezi cha GABA na kukifanya kiitikie kwa nguvu zaidi ile iliyopo. Ndiyo maana hutuliza ndani ya dakika, na ndiyo maana pia ina hatari yake: ubongo unaozoea breki ya kuongezewa hulegeza ya kwake, na mtu akiikata dawa baada ya miezi, wasiwasi hurudi kwa kishindo, mara nyingine na degedege.

Hapa kuna kisa kinachostahili kuangaliwa kwa karibu. Yupo mwanamke, anayefahamika katika majarida ya sayansi kwa herufi mbili tu, S.M., ambaye ugonjwa adimu wa kurithi uliiharibu amigdala yake pande zote mbili. Watafiti walimpeleka kwenye nyoka na buibui wakubwa, wakamtembeza katika nyumba ya kutisha, naye hakuogopa. Aliwagusa nyoka kwa udadisi. Kwa miaka mingi alikuwa ushahidi hai kwamba bila amigdala hakuna hofu. Kisha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, alipewa kuvuta pumzi moja ya hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksidi, ambayo huufanya mwili uhisi unakosa hewa ingawa hauko hatarini. S.M. alishikwa na taharuki kamili, akapapatika kuiondoa barakoa usoni. Kumbe kuna hofu inayotoka nje, kwa macho na masikio, na kuna hofu inayotoka ndani ya mwili wenyewe, na ya pili ina mlango mwingine. Anayepatwa na taharuki usiku wa manane, bila nyoka wala mwizi, haigizi. Kwa wengine, huenda kengele imepigwa na pumzi au mapigo yao wenyewe.

Mhimili mwingine unaounganisha magonjwa haya mawili ni ule wa msongo. Haipothalamasi, iliyo chini ya ubongo, hutuma homoni kwa tezi ya pituitari, nayo hutuma nyingine kupitia damu hadi kwenye tezi za juu ya figo, ambazo hutoa kortisoli. Kortisoli huuandaa mwili kukabiliana na shida, kisha hurudi ubongoni na kuwaambia waliotoa amri kwamba imetosha. Katika sehemu ya wagonjwa wa sonona, hasa sonona nzito, ujumbe huo wa "imetosha" hausikiki vizuri na kortisoli hubaki juu. Na wanyama waliokaa na kortisoli nyingi muda mrefu hupoteza matawi ya neva katika hipokampasi, ambayo ni mojawapo ya sehemu zinazotakiwa kuisikia. Watu wenye ugonjwa wa Cushing, ambao tezi zao hutoa kortisoli kupita kiasi, hupata sonona mara nyingi sana.

Mfano mwingine wa wazi ni interferoni. Kwa miaka mingi wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walichomwa interferoni ya alfa, protini ambayo mwili huitumia kupigana na virusi, na sehemu kubwa yao waliingia katika sonona ndani ya wiki chache, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kuugua kabla. Hapo hakuna msiba wala talaka; kuna kinga ya mwili iliyochochewa, nayo ikaugusa ubongo. Nao wanawake waliojifungua hupitia mteremko mkali wa homoni, ikiwemo alopregnanoloni inayosaidia breki ya GABA, na mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya sonona ya baada ya uzazi, brekzanoloni, iliyotengenezwa kwa mfano wa homoni hiyo. Mwaka huohuo iliidhinisha esketamini ya kupuliza puani, ambayo inagusa glutamati, kemikali kuu ya kuchochea, na inaweza kuleta nafuu ndani ya saa badala ya wiki. Kwa hiyo sonona zenye sura moja zinaweza kuwa na vyanzo vya kemikali vilivyo tofauti, na hilo pengine ndilo linaloeleza vizuri kuliko lolote kwa nini dawa moja humponya huyu na kumwacha yule.

Tugeukie ukoo. Kwamba magonjwa haya huenda kifamilia ni kweli: mtu mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua sonona ana uwezekano wa mara mbili hadi tatu wa kuugua kuliko asiye naye. Lakini familia hupeana mengi zaidi ya jeni. Hupeana nyumba, umaskini, maneno na ukimya. Ili kuzitenganisha, watafiti hutumia pacha. Pacha wa yai moja wana vinasaba karibu vyote sawa, na pacha wa mayai mawili hushirikiana nusu tu kwa wastani, kama ndugu wengine. Ikiwa wa kwanza wanafanana kwa ugonjwa kuliko wa pili, ziada hiyo inaelekezwa kwa jeni. Kwa njia hii uchambuzi wa mwaka 2000 wa Patrick Sullivan na wenzake ulikadiria kwamba urithi wa sonona ni takriban asilimia 37, na uchambuzi uliofuata uliweka wasiwasi wa kudumu na taharuki kati ya asilimia 30 na 45 hivi.

Asilimia hiyo ndiyo namba inayoeleweka vibaya kuliko zote. Haisemi kwamba asilimia 37 ya huzuni yako ilitoka kwa wazazi, wala kwamba mtoto wako ana asilimia 37 ya kuugua. Inapima tofauti baina ya watu wa jamii fulani kwa wakati fulani: kwa nini baadhi wameugua na wengine hawajaugua. Fikiria jamii ambayo kila mtu analelewa kwa namna moja na kupata misukosuko ileile. Tofauti yoyote itakayobaki itakuwa ya jeni, na urithi utasomeka karibu asilimia 100, ingawa hakuna jeni hata moja iliyobadilika. Leta vita katika nusu ya jamii hiyo, na urithi utashuka. Namba inasogea pamoja na maisha ya watu.

Je, jeni zenyewe zimepatikana? Hapa sayansi iliteleza, na inafaa kusimulia. Mwaka 2003 Avshalom Caspi na wenzake walichapisha utafiti wa watu 847 waliofuatiliwa tangu utotoni huko Dunedin, New Zealand. Waliangalia jeni ya ile pampu ya serotonini, ambayo ina toleo refu na toleo fupi, na wakaripoti kwamba wenye toleo fupi waliugua zaidi sonona walipopatwa na misukosuko ya maisha. Hadithi ilikuwa tamu: ilikuwa na serotonini, ilikuwa na jeni, ilikuwa na maisha. Mamia ya makala yalifuata. Mwaka 2009 uchambuzi wa tafiti nyingi haukuiona athari hiyo, na mwaka 2019 watafiti waliotumia takwimu za mamia ya maelfu ya watu walionyesha kwamba jeni 18 zilizokuwa zimetajwa zaidi, ikiwemo hiyo, hazikuhusiana na sonona kuliko jeni zilizochukuliwa bila kuchaguliwa. Kilichokosewa ni ukubwa wa sampuli: mamia ya watu hawatoshi kunasa athari ndogo kiasi hicho, na kelele za bahati zikasomwa kuwa ujumbe.

Njia iliyoshika nafasi ni ya kuchunguza vinasaba vyote kwa pamoja, bila kukisia jeni ipi inahusika. Mwaka 2018 yalitangazwa maeneo 44 ya vinasaba yanayohusiana na sonona, mwaka uliofuata 102, na mwaka 2025 utafiti wa nchi 29 wenye watu zaidi ya milioni tano ulitaja karibu 700. Kila tofauti moja ya kinasaba inaongeza uwezekano wa kuugua kwa kiasi kidogo mno, na kila mmoja wetu, mzima kwa mgonjwa, anabeba mamia yake. Nyingi zinaelekeza kwenye seli za neva na miunganiko yake, zikiwemo za hipokampasi na amigdala. Ni ajabu kidogo kwamba baada ya miongo ya kuizungumzia serotonini, jeni zimeonyesha kidole kwenye ujenzi wa mawasiliano kwa jumla.

Tafiti za pacha za Kenneth Kendler, kuanzia miaka ya 1990, zilionyesha pia kwamba jeni zinazoelekeza kwenye sonona na zile za wasiwasi wa kudumu ni karibu zilezile; kinachoamua zaidi mtu aangukie upande gani ni yaliyompata. Msiba na kupoteza huvutia zaidi upande wa sonona, tishio lisilokwisha huvutia upande wa wasiwasi. Kinachorithiwa, kwa lugha ya kawaida, ni wepesi wa kuguswa: kengele inayolia mapema na kuchelewa kunyamaza. Wepesi huo unaweza pia kumwingiza mtu katika mazingira yanayomuumiza, kwa kuwa mtoto anayelia haraka huwachosha walezi, na waliochoka humkaripia. Jeni na malezi hapo zimeshikana mikono kiasi kwamba hesabu yoyote ya kuzigawa asilimia ina kitu cha kubuni ndani yake.

Mshikamano huo ulionekana vizuri katika panya wa maabara ya Michael Meaney, kwenye Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal. Panya mama hutofautiana: wengine huwalamba watoto wao sana katika wiki ya kwanza, wengine kidogo. Watoto waliolambwa sana hukua wakiwa watulivu, na homoni yao ya msongo hushuka upesi baada ya shida kupita. Inaweza kudhaniwa kwamba wamerithi utulivu, lakini watoto wa mama asiyelamba walipopewa mama anayelamba awalee, walikua watulivu vilevile. Katika makala ya mwaka 2004, timu hiyo ilionyesha kwamba kulambwa kulibadilisha alama za kemikali zilizobandikwa juu ya jeni ya kipokezi cha homoni ya msongo katika hipokampasi: jeni ilibaki ileile, ila ikasomeka kwa sauti kubwa zaidi. Kwa binadamu, dalili za mambo ya namna hiyo zimeonekana kwa watu walioteswa utotoni, ingawa ubongo wa aliye hai hauwezi kukatwa kipande ukapimwa, na mengi yanayosemwa juu ya "makovu ya vinasaba" yametangulia ushahidi.

Mzazi aliyewahi kuugua huuliza kama mtoto wake apimwe. Alama inayokokotolewa kutokana na mamia ya tofauti za kinasaba inaeleza asilimia chache tu za tofauti za sonona baina ya watu, na hufanya vibaya zaidi kwa watu wasio na asili ya Ulaya, kwa sababu wengi wa waliopimwa tangu mwanzo walikuwa na asili hiyo. Hata pacha wa yai moja, wenye vinasaba vinavyofanana karibu kabisa, mara nyingi mmoja huugua na mwenzake asiugue. Hakuna kipimo cha damu wala cha picha ya ubongo kinachothibitisha sonona au wasiwasi kwa mtu mmoja. Daktari bado huketi na mgonjwa na kuuliza: unalala vipi, ilianza lini, nani mwingine nyumbani aliwahi kuwa hivi, ni nini kilitokea kabla yake. Damu ikichukuliwa, mara nyingi ni kwa ajili ya kuangalia tezi ya shingo na upungufu wa damu, magonjwa mawili ambayo huvaa sura ya sonona na yana tiba yake tofauti.